Nihamishie Tanga kiwanda changu cha viungo?

SWALI: Mimi na mume wangu tunasaga na kupakia viungo Mbagala, Dar es Salaam: pilipili manga, iliki, mdalasini na tangawizi. Tuna wafanyakazi 6 na mashine 2. Mali nyingi tunainunua kwa wachuuzi wa Muheza. Watu wanatushauri tuhamie Tanga kwa kuwa bandari imepanuliwa na jiji linakaribisha viwanda. Wazee nao wanatuonya kwamba Tanga ilijaa viwanda, vikafa. Kilichoviua bado kipo? Na tukienda, tuanzie ofisi ya nani?

JIBU: Ndugu zangu, hamishieni Tanga kazi ya kukausha na kuchambua kwanza. Kusaga na kupakia kusubiri. Na bandari isiwe sababu ya kuhama, kwa maana pilipili manga yenu haishuki melini, inashuka milima ya Amani kwa pikipiki na fuso.

Wazee wenu wamesema kweli, ila ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye faida kwenu.

Tanga ilikuzwa na reli na katani. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ikafika Muheza 1896, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mwaka huohuo wa 1893, Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote yaliyofuata. Mashamba yakahitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo, wakaletwa manamba kutoka Songea, Kigoma na hata nje ya mipaka. Ndiyo maana ukipita Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, utakuta wajukuu wa kila kabila. Mji ulijengwa na wageni, na hilo bado linaonekana katika namna unavyopokewa. Kufikia 1964 nchi ilikuwa ikitoa takriban tani 230,000 za katani kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitoka mkoa huu.

Viwanda wanavyovikumbuka wazee vilikuja baadaye. Mpango wa pili wa maendeleo, wa 1969 hadi 1974, uliitaja Tanga miongoni mwa miji 9 iliyotakiwa kukuzwa ili viwanda visirundikane Dar es Salaam. Kiwanda cha chuma kikaanza 1971, cha mbolea kikafuata 1972, na cha saruji pale Pongwe mwaka 1980. Sasa viangalieni hivi vitatu kwa karibu. Kiwanda cha mbolea kilitegemea salfa, fosfeti na amonia, vitu vilivyoletwa kwa meli na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Fedha za kigeni zilipoadimika miaka ya 1980, kiwanda kikawa kinakohoa, na 1991 kikafungwa. Kiwanda cha chuma nacho kiligeuza chuma ghafi cha kuagizwa kuwa nondo, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa uleule. Cha saruji kipo mpaka leo. Kimebadilisha wamiliki, lakini hakijazima, kwa sababu mawe ya chokaa kimeyakalia. Hata kampuni ya Kichina ya Huaxin ilipoingia Tanga mwaka 2020, ilinunua kiwanda cha Maweni, na kilichoivuta ni mawe hayohayo. Ongezeni Tanga Fresh, iliyoanzishwa 1997 juu ya maziwa ya wafugaji waliojiunga katika vyama vya ushirika. Malighafi yake hutembea kwa miguu minne mkoani humohumo.

Mtaniuliza: na katani je, si ililimwa hapahapa? Ndiyo, na ikaanguka vilevile. Kilichoiangusha kilikuwa upande wa pili, kwa mnunuzi. Kamba za plastiki zilipoingia sokoni, bei ya dunia ilishuka, na utaifishaji wa 1967 ukakuta mashamba yanahitaji mtaji na usimamizi ambao haukupatikana. Zao moja, soko moja, na soko lenyewe liko ng'ambo.

Kwa hiyo Tanga inawapa vipimo viwili vya kujipimia. Malighafi inatoka wapi? Na mnunuzi ni nani? Kwenye kipimo cha kwanza mmefaulu. Kwenye cha pili, fungueni daftari la mauzo. Mnunuzi mmoja akichukua zaidi ya theluthi ya mali yenu, tafuteni wengine kabla ya kuhama, si baada.

Kilichoviua viwanda kilikuwa na sehemu ya tatu inayosahaulika, nayo ni serikali ya mji. Kuanzia mwaka 1972, katika mpango wa madaraka mikoani, halmashauri za miji zilifutwa nchi nzima. Kwa miaka kadhaa mji wenye viwanda kama Tanga haukuwa na baraza lake. Mifereji, maji, taka na barabara vikasimamiwa na ofisi za mkoa na wilaya zilizoelekeza macho vijijini, na huduma za miji zikaporomoka. Halmashauri za miji zikarejeshwa 1978, kisha sheria za 1982 zikaweka mfumo tunaoutumia sasa. Tanga ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Hilo linawahusu sana, kwa sababu ofisi mtakayoingia ni ya halmashauri hiyo iliyorudishwa, na lazima mjue inaweza nini na haiwezi nini.

Mstahiki Meya huchaguliwa na madiwani miongoni mwao wenyewe. Anaongoza vikao vya baraza, na anaweza kuwakaribisha kwa mikono miwili, lakini hatoi leseni. Mtendaji mkuu ni Mkurugenzi wa Jiji, anayeteuliwa na Rais, na saini inayowahusu iko chini yake: afisa biashara kwa leseni, mipango miji kwa matumizi ya kiwanja, afisa afya kwa jengo la chakula. Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa ni wasimamizi wa serikali kuu. Kwao mnakwenda jambo likikwama kati ya ofisi mbili, wala si siku ya kwanza. Wageni wengi hukosea hapo: wanatafuta kupiga picha na mkubwa, wanarudi nyumbani wameridhika, kumbe faili halijafunguliwa.

Mfano mzuri wa taasisi ya mji kufanya kazi yake ni maji. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo kwa miradi inayolinda mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, na waliojitokeza kununua wakazidi kiasi kilichotakiwa. Mamlaka ya mkoani kukopa kwa wananchi ili ipanue mabomba lilikuwa jambo jipya. Maji yenyewe hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na Zigi unatoka milima ya Usambara Mashariki, kulekule iliki yenu inakotoka. Iliki hupenda kivuli cha msitu, na kwa miaka mingi watu walifyeka miti ya chini ya msitu wa asili ili kuipanda. Ulizeni shamba liko wapi kabla ya kununua. Iliki ya ndani ya hifadhi itawaletea kesi, na inaharibu chemchemi ya mji mnaotaka kuishi.

Sasa hesabu ya kuhama. Kilo 100 za pilipili manga mbichi hukauka zikabaki kama 33. Iliki mbichi na tangawizi hubaki kama 20. Mali ikishakauka ni nyepesi na ya bei, na nauli ya kuipeleka Dar es Salaam ni sehemu ndogo ya bei yake. Kwa hiyo nauli peke yake haitawalipa kuhama. Faida iko kwenye unyevu. Mchuuzi huanika pilipili chini, kando ya barabara, na huiuza haijakauka vizuri kwa sababu maji nayo yana uzito. Mkinunua kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 badala ya 12, mmelipia karibu kilo 7 za maji, na baadaye mtapata ukungu wa bure.

Kipimo cha nyumbani kinatosha kuanzia. Pima kilo 1 kwa mizani nzuri, kisha kausha kwenye kikaushio mpaka punje ipasuke kwa mlio ukiing'ata. Kama imekaribia asilimia 12 na imepoteza zaidi ya gramu 34, basi uliuziwa ikiwa juu ya asilimia 15. Kipimo cha umeme cha unyevu kitawapa jibu papo hapo mbele ya mkulima, na ubishi utaisha.

Mkinunua mbichi, ubora ni wenu. Pilipili manga ichumeni mashuke yanapoanza kuwa na punje moja moja nyekundu, zitenganisheni punje, zitieni kwenye kikapu na kuzizamisha katika maji yanayochemka kwa dakika 1 hivi. Rangi itakuwa nyeusi ya aina moja na zitakauka upesi zaidi. Anikeni kwenye vichanja vya kimo cha kiunoni, kamwe si chini, jua la siku 3 au 4. Iliki ni kinyume: jua kali hufuta ukijani na bei hushuka. Hiyo inahitaji kikaushio cha joto la nyuzi 45 hadi 50. Tangawizi ikatwe vipande vyembamba vya milimita 3 hadi 5. Vipande vinene hukauka nje, ndani vinabaki vibichi, na ukungu huanzia hapo.

Kusaga ndiko ninakowaambia msikimbilie. Tanga ni pwani, na msimu wa masika, Machi hadi Mei, hewa imejaa maji. Unga wa tangawizi uliosagwa asubuhi na kuachwa wazi mpaka mchana huanza kushikana mabonge. Mkiamua kusaga huko, chumba cha kusagia na kupakia kiwe kimoja kilichofungwa. Sageni mafungu madogo, mwache mashine ipoe kwa sababu joto hufukuza harufu, na mpakie siku hiyohiyo. Mashine iwe ya stenlesi. Chuma cha kawaida karibu na bahari hushika kutu, na kutu ikiingia kwenye unga hakuna chekeche itakayoitoa. Wekeni sumaku kwenye mdomo wa kutolea unga.

Kuhusu mahali, watu watawaonyesha viwanja Pongwe kwa sababu viko kwenye barabara ya Muheza na viko nje kidogo ya msongamano. Pongwe ni pazuri kwa kazi nyingi, lakini nyinyi mnaanika chakula nje. Simameni pale wakati wa kusi, kuanzia Aprili, upepo unapotoka kusini mashariki, mwangalie vumbi la machimbo na viwanda vya saruji na chokaa linaelekea wapi. Rudini wakati wa kaskazi mwangalie tena. Kidole kikipita juu ya paa la bati na kurudi cheupe, hapo hapaaniki iliki. Upande wa pili, jengo la karibu kabisa na ufukwe litawala mashine. Tafuteni kati ya hayo mawili, au mkaushie Muheza mjini na mweke ghala Tanga.

Kabla ya kutia saini mkataba wa pango ulizeni mambo matatu. Je, kiwanja kimepangwa kwa viwanda au biashara, au ni cha makazi? Cha makazi kitahitaji kubadilishiwa matumizi, na majirani wakianza kupiga chafya kwa vumbi la pilipili, malalamiko yatakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hamjamaliza mwezi. Je, umeme wa njia tatu umefika kwenye nguzo iliyo karibu? Kama haujafika, gharama ya nguzo na transfoma inaweza kuzidi bei ya mashine. Je, sakafu, dari na maji vitamridhisha afisa afya? Kurekebisha jengo la mtu kwa fedha yenu bila kuandika kwenye mkataba kwamba itakatwa kwenye kodi ni kumpa zawadi.

Mpangilio wa makaratasi uko hivi. Anzeni serikali ya mtaa, mjitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji. Tanga watu wanathamini salamu, na mgeni aliyepita mlangoni kwao kwanza hupata msaada ambao hauandikwi popote. Jina la biashara au kampuni mnalo tayari BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa hiyo hapo mnabadilisha anwani na kuongeza tawi. Kiwanda kinasajiliwa BRELA pia. Kisha TRA: mjulishe tawi jipya na mpeleke mkataba wa pango. Hapa wengi hukwama. Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA, na mkataba wenyewe hulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1. Mwenye nyumba akikataa kukatwa, mtalipa nyinyi juu ya pango. Liongeeni kabla ya saini. Hayo yakikamilika mnapata hati ya uthibitisho wa kulipa kodi, na bila hiyo leseni haitoki.

Leseni ya biashara mnaiomba kwa mtandao kupitia idara ya biashara ya jiji. Mkitaka kuuza nje ya nchi, leseni hiyo ni ya BRELA. Kila leseni inaishi miezi 12 tangu ilipotolewa, kwa hiyo andikeni tarehe ukutani. Baada ya hapo jiji litawadai ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo ya mauzo bila VAT. Tengeni fedha yake kila mwezi hata kama mnalipa kwa robo mwaka. Ukisahauliwa miaka miwili, ushuru huu hurudi kama deni moja kubwa.

Wafanyakazi 6 wanahitaji NSSF, asilimia 20 ya mshahara kwa pande zote mbili, na mfuko wa fidia WCF, asilimia 0.5 juu ya mwajiri. Tozo ya mafunzo ya ufundi haiwagusi mpaka mfike wafanyakazi 10. Andikisheni mahali pa kazi OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Zimamoto watakagua vizimamoto na milango. Wanaogusa chakula wapimwe afya kila miezi 6, na barakoa nzuri ni lazima kwa msagaji. Pilipili ni adui wa mapafu.

Alama ya TBS, shirika la viwango, mliyonayo ni ya bidhaa inayotengenezwa Mbagala. Mkihamisha kusaga, eneo jipya lazima likaguliwe na sampuli zipimwe upya. Msichapishe maelfu ya vifungashio vyenye anwani mpya kabla ya hapo. Nendeni SIDO ya mkoa, shirika la viwanda vidogo, mapema, kwa maana barua yao ya utambulisho humpunguzia mjasiriamali mdogo gharama za TBS katika miaka ya mwanzo. Mtaelekezwa pia kwenye mamlaka ya uwekezaji, TISEZA. Vivutio vyake ni vya mitaji mikubwa kuliko yenu kwa sasa, msipoteze wiki huko.

Jambo la mwisho ni ushuru wa mazao, maana hapa ndipo gari hukamatwa. Mazao yakinunuliwa Muheza, ushuru usiozidi asilimia 3 ya bei ya shambani ni wa halmashauri ya Muheza, na analipa mnunuzi. Mzigo usiozidi tani 1 unaovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi. Mkipakia tani 3, lipeni mlikonunua, mchukue stakabadhi ya mashine na dereva awe nayo mkononi. Stakabadhi ya kuandikwa kwa kalamu haitawasaidia kizuizini. Na mkianza kununua kwa vikundi vya kina mama wa Amani, waelezeni kwamba mikopo isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, wataiomba halmashauri ya Muheza, si Jiji la Tanga. Kikundi chenye vichanja na kikaushio chake kitawauzia mali safi zaidi kuliko mchuuzi yeyote.

Kodini ghala kwa miezi 6, na hiyo miezi iguse masika. Wekeni vichanja, kikaushio kimoja, mizani na kipimo cha unyevu, na watu 2. Mbagala iendelee kusaga. Kila wiki fungeni pakiti 2 za unga ndani ya ghala la Tanga: moja katika kifungashio chenu cha sasa, nyingine katika kizito zaidi, mziandike tarehe na kuziacha rafuni. Mwishoni mwa Mei zifungueni zote kwa mpangilio. Pakiti ya Machi ikimwagika kama mchanga mkavu, leteni mashine. Ikitoka kama tofali, mmejua kwamba kifungashio au chumba ndicho cha kubadilishwa kwanza.